Uholanzi ya karne ya 17: utajiri ulitokana na uvumilivu au uporaji?

Jahazi (mleta mada)
Wakuu, kila tukizungumzia maendeleo humu lazima mtu atuletee Uholanzi. Nchi ndogo, sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari, lakini karne ya 17 iliwapita wote Ulaya kwa sababu eti iliacha kila mtu aabudu anavyotaka. Mimi nasema hiyo ni nusu ya habari. 1602 waliunda VOC, kampuni yao ya India Mashariki, wakaipa ruhusa ya kupigana vita, kujenga ngome na kufunga mikataba na wafalme kana kwamba ni serikali. 1621 gavana wao Jan Pieterszoon Coen alivamia visiwa vya Banda, Indonesia ya leo, kwa ajili ya viungo vya kungumanga na basibasi. Wenyeji walikadiriwa kuwa 15,000. Waliobaki visiwani hawakuzidi 1,000 hivi. Mashamba wakapewa walowezi wa Kizungu, wakaletewa watumwa wa kuyalima. Huo uvumilivu ulikuwa wa nani? Karibuni kwa hoja.

Mlenge
Mkuu Jahazi, umeanzia mwishoni. Meli zao za kwanza zilifika Java 1596, na wakati huo tayari walikuwa na hela. Hela ilitoka kwenye nafaka za Danzig na bandari nyingine za Baltiki, walizokuwa wanazisambaza Ulaya nzima, na kwenye samaki wa heringi, ambao walitumbuliwa na kutiwa chumvi humohumo melini kabla hawajafika pwani. Miaka ya 1590 watu wa Hoorn wakaanza kuunda meli ya mizigo iitwayo fluyt: tumbo pana, mizinga michache au hakuna kabisa, mabaharia wachache. Ukiwa na wachache wa kulipa na kulisha, nauli inashuka, na mwenye nauli ya chini ndiye anayepewa mzigo. Miaka hiyohiyo wakapata kinu cha upepo cha kupasulia mbao, kwa hiyo hata kuunda meli kukawa rahisi kwao kuliko kwa Mwingereza.

Halafu wakimbizi. Antwerp, mji wa biashara wa Ubelgiji ya leo, ilipoanguka mikononi mwa Wahispania 1576, matajiri walihamia Amsterdam na mitaji yao. Nchi iliyowafungulia mlango ikatajirika. Wenye macho wajifunze.

Kisiki
Mlenge umeandika vizuri mpaka ulipofika kwenye wakimbizi. Wale walikuja na fedha na ufundi, ni wawekezaji. Mkimbizi wa kawaida ni mzigo. Sisi wa Kigoma tunajua, misitu imeisha kwa kuni za kambi za wakimbizi. Usimlinganishe mfanyabiashara wa Antwerp na mtu anayepanga foleni ya mgao wa unga.

Mwana wa Ulyankulu
Kisiki, nilikuwa nasoma kimyakimya ila hapo umenigusa. Mimi nimezaliwa Ulyankulu, makazi ya wakimbizi mkoani Tabora. Wazazi wangu walivuka 1972 wakikimbia mauaji ya Burundi. Walipewa pori, jembe na shoka. Ulyankulu na makazi mengine kama hayo, Katumba na Mishamo, zilifika mahali zikajilisha zenyewe, zikauza mahindi na tumbaku, mgao ukakoma. Watu zaidi ya 160,000 tumepewa uraia wa Tanzania. Tumbaku ya baba ilikatwa ushuru kama ya mkulima mwingine yeyote wa Tabora. Mzigo ulibebwa na nani hapo?

Kisiki
Sijakutaja wewe wala wazazi wako. Nimesema kambi. Soma tena.

Mwana wa Ulyankulu
Umesema "mkimbizi wa kawaida". Baba yangu alikuwa mkimbizi wa kawaida.

Mama Wawili
Wanangu, taratibu. Mlenge, kwanza tuwekane sawa: 1576 ni askari wa Hispania waliokosa mishahara ndio walioipora Antwerp. Mji wenyewe ulisalimu amri 1585 baada ya kuzingirwa zaidi ya mwaka. Waprotestanti wakapewa miaka minne ya kuuza mali zao na kuondoka. Wakaondoka kwelikweli.

Pili, Kisiki, si kweli kwamba wote walikuwa matajiri. Wapo waliofika Amsterdam na mitaji na majina ya wateja wao wa nchi za mbali, hao ni wachache. Angalia Leiden. Wafumaji wa Hondschoote, kule Flanders, walifika na mikono yao tu. Leiden ilikuwa na watu kama 12,000 mwaka 1581. Kufikia 1622 walikaribia 45,000, na vitambaa vyao vikauzwa kila kona ya Ulaya. Wengi wao waliishi maisha magumu na watoto wao walifanya kazi viwandani, silifichi hilo. Lakini huwezi kuandika habari za utajiri wa Leiden ukawaruka.

Kisiki
Mama, shikamoo. Leiden hawakuwafungia wafumaji kambini. Waliwaacha wafume. Ndiyo tofauti ninayoisema mimi.

Mlenge
Basi umemjengea Mwana wa Ulyankulu hoja yake. Tatizo ni uzio, si mtu aliye ndani ya uzio.

Kisiki
Usiniwekee maneno mdomoni. Wewe unakaa mjini, shamba lako halijawahi kuvamiwa. Njoo Kasulu ukae na sisi msimu mmoja ndipo utufundishe ukarimu wa Amsterdam.

Mlenge
Mimi mjini? Nimekulia Kibondo!

Jahazi (mleta mada)
Wakuu, mada ni Uholanzi. Hakuna hata mmoja aliyegusa Banda.

Mpita Njia
Niwaongezee jambo la uvumilivu, maana niko Amsterdam huku. Kuna nyumba kando ya mfereji wa Oudezijds Voorburgwal. Kwa mbele ni nyumba ya mfanyabiashara kama jirani zake. Ukipanda ngazi nyembamba hadi juu unatokea kwenye kanisa zima la Kikatoliki lililojengwa darini, mwaka 1663. Lina madhabahu na roshani pande mbili, na mimbari imekunjwa ndani ya mguu wa nguzo ya madhabahu kwa kukosa nafasi. Padri akitaka kuhubiri wanaivuta nje. Jirani wote walijua, serikali ya mji ilijua. Tangu 1578 Wakatoliki walikuwa wamepigwa marufuku kuabudu hadharani, lakini walikuwa wanamlipa ofisa wa mji ili asione. Mimi nilisimama pale darini nikajiuliza kama huu ndio uhuru unaosifiwa.

Kisiki
Kumbe ni chai tu! Unampa ofisa kitu kidogo anageuza shingo. Hata sisi basi ni wavumilivu wa kiwango cha dunia.

Mama Wawili
Kisiki, linganisha na mwaka uleule kwingine. Hispania na Ureno Mahakama ya Imani ilikuwa inachoma watu. Wayahudi waliokimbia huko walijenga Amsterdam sinagogi kubwa la mawe na matofali, likafunguliwa 1675, barabarani, si darini. Kulipa ofisa ni udhalilishaji, nakubali kabisa. Lakini mtu aliyelipa alirudi nyumbani akalala. Mkataba wa Utrecht wa 1579, ulioiunganisha mikoa ya Uholanzi, ulisema mtu asichunguzwe wala kuandamwa kwa ajili ya dini yake. Ulisema dhamiri. Ibada ya hadharani ni jambo jingine, na hapo kila mkoa ulijiamulia wenyewe.

Jahazi (mleta mada)
Dhamiri ya nani, mama? Adriaan Koerbagh aliandika kwa Kiholanzi, lugha ambayo hata mchuuzi angeisoma, akipinga Utatu na mafundisho mengine ya kanisa. 1668 Amsterdam hiyohiyo ikamhukumu kifungo cha miaka 10. Mwaka uliofuata akafia gerezani. Rafiki yake, mwanafalsafa Spinoza, aliandika Kilatini, akapona. Maana yake wasomi wajadili, raia wa kawaida wafunge midomo. Na 1619 walimkata kichwa Oldenbarnevelt, mzee wa miaka 71 aliyeijenga jamhuri ya Uholanzi, kwa ugomvi uliochanganya siasa na mafundisho ya Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti.

Mlenge
Spinoza naye alifukuzwa na wenzake wa sinagogi 1656, si na serikali. Tuseme yote.

Jahazi (mleta mada)
Na mimi nasema yote, ndiyo maana nauliza Banda.

Mvita
Ndugu zangu, mnazungumza kama kwamba Waholanzi hawakufika kwetu. Walikizingira Kisiwa cha Msumbiji 1607 na tena 1608 ili wakinyakue kwa Wareno, wakashindwa kuiteka ngome. Wangefaulu, historia ya pwani hii ingekuwa nyingine. 1652 wakaweka kituo Rasi ya Tumaini Jema, na meli zao zikawa zinatafuta watumwa wa kupeleka Rasi mpaka Madagaska, na katika miaka ya 1770 hadi Unguja. Kwa hiyo mimi na Jahazi tuko pamoja. Kuna mtu aliyeuzwa pwani hii akalima mizabibu ya Rasi huku Amsterdam wakisifiwa kwa uhuru wa dhamiri. Na kampuni ya pili, ile ya India Magharibi, iliteka Elmina (Ghana ya leo) 1637 na Luanda (Angola ya leo) 1641. Kwa jumla Waholanzi walivusha Waafrika zaidi ya nusu milioni katika Atlantiki.

Mlenge
Mvita, silipingi hata moja. Ninachokataa ni kusema uporaji ndio uliowatajirisha. Wareno walipora miaka 100 kabla yao, wakaichoma Mombasa yako 1505. Mbona Lisbon haikupata riba nafuu, benki kama ile ya Amsterdam ya 1609, wala soko ambalo mtumishi wa ndani angeweza kununua hisa? Orodha ya kwanza ya wanahisa wa VOC ina majina ya vijakazi. Jamhuri ilikopa kwa raia wake kwa riba ndogo kwa sababu raia waliamini watalipwa. Uporaji haukupi imani ya namna hiyo.

Mvita
Kijakazi aliyenunua hisa 1602, gawio lake la miaka ya baadaye lilitoka wapi? Lilitoka kwenye kungumanga. Na kungumanga wakati ule zilitoka Banda peke yake.

Jahazi (mleta mada)
Hapo ndipo nilipokuwa nawaita tangu mwanzo. Suriname, koloni lao la Amerika Kusini, watumwa waliachiwa 1863. Wamiliki wakafidiwa gulden 300 kwa kila mtu. Walioachiwa wakalazimishwa kuendelea na kazi kwa mikataba miaka 10 zaidi. Mfalme wao ameomba radhi 1 Julai 2023. Hesabu ya nani alilipia utajiri ule hawajaimaliza wenyewe, sisi tunawapigia makofi.

Kisiki
Jahazi sasa unataka fidia. Anza uzi mwingine.

Mwana wa Ulyankulu
Kisiki, kabla hujamhamisha Jahazi, nijibu mimi kwanza. Wafumaji wa Leiden walikuwa maskini, umekubali. Waliachwa wafume, umesema mwenyewe. Mkimbizi wa Kigoma leo akipewa ekari mbili na kibali cha kuuza mazao sokoni Kasulu, utampinga au hutampinga?

Kisiki
Inategemea ekari hizo ni za nani.

Mwana wa Ulyankulu
Sawa. Hapo tunaweza kuzungumza. Sisi tulipewa pori ambalo halikuwa na mtu. Taja eneo la kwenu ambalo halilimwi, tulijadili kwa jina lake.