Samaki wa kina kirefu Msimbati, Mtwara: huenda ni spishi mpya?

Wakuu, wavuvi wamemtoa samaki mwekundu kwa mshipi, mita 200 hivi. Hayumo kwenye kitabu chochote nilicho nacho. Yuko kwenye barafu. Nianze na nini?

— Picha kwanza, mkuu! Ubavu wa kushoto, mapezi yatandazwe kwa pini, rula pembeni. Wekundu unapotea upesi. Kisha kata kinofu kama punje ya harage ubavu wa kulia, tia kwenye ethanoli 95%. Fomalini (dawa ya kuhifadhia mzoga) baadaye, maana inaharibu DNA.

— Fomalini 10%, na umdunge tumboni kwa sindano, la sivyo matumbo yataoza. Baadaye msuuze kwa maji, ahamie ethanoli 70%.

— Hesabu miiba ya mapezi na magamba ya mstari wa ubavuni, ulinganishe na holotaipu za jamaa zake (holotaipu ni sampuli moja rasmi inayobeba jina la spishi). Jina jipya bila sampuli rasmi ya aina hiyo halikubaliki.