Wakuu naombeni mawazo ya vitu vya tofauti vya kukereza, nimekwama

Mkereza_Pasua
Habari za jioni wakuu. Nipo Moshi, Pasua. Nina mashine ya kukereza mbao niliyoiunga mwenyewe kwa mota ya mtumba na shafti niliyochongewa Unga Limited, Arusha. Mwaka wa nne huu nakereza miguu ya vitanda, nguzo za ngazi na miti ya chapati, basi, hakuna kingine. Sasa nataka nitoke hapo. Naomba mawazo ya vitu ambavyo mtalii akiingia duka la Arusha anasimama, siyo twiga na simba ambao kila duka wanao. Viwe vya kukereza tu, kuchonga kwa mkono sikujifunza. Nimepata gogo zuri la mringaringa, nene, ukilipaka mafuta rangi inatoka kama asali. Nisaidieni mapema wakuu, siku zinanibana.

Kijenge_Juu
Pia mkuu. Kereza pia za kuchezea, kubwa na ndogo, zipake rangi. Sisi tumekua tunachonga pia kwa mti wa mpera na kuzichapa kwa kamba ya katani mpaka mwalimu anazikusanya zote. Mwanangu nilimchongea moja, anaiogelesha kwenye beseni, hajui hata inazungushwaje. Ukizitengeneza nitachukua tano, nipo serious.

mama_glory
Kaka mimi naomba unisaidie kwanza kabla ya watalii. Nilinunua mti wa chapati sokoni Kiboriloni, wiki mbili ukapasuka ncha mpaka katikati, unga unaingia mule unaganda. Nikanunua wa pili, hivyo hivyo. Mume wangu ananiambia naupiga sana mezani. Sasa kosa ni langu au la fundi?

FundiRanda98
Dada mama_glory kosa ni la fundi, amekereza mti mbichi. Na nina wasiwasi mleta uzi anakwenda huko huko. Mkuu, hilo gogo limekatwa lini?

Mtu_wa_Mpingo
Mringaringa ni laini, achana nao. Tafuta mpingo. Ndio mti wetu wa taifa, mzito mpaka unazama kwenye maji, wazungu wanatengenezea klarineti na obo. Kereza vikasha vidogo vyenye vifuniko vya kuzungusha, au kete za sataranji. Ila upate wa halali wenye risiti, maana tangu 2017 jamii yote hiyo ya miti ipo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mtalii anaweza kuanza kuulizwa makaratasi huko anakokwenda.

Mkereza_Pasua
Asanteni. Mpingo siuwezi kwa bei. Wazo la pia za kuchezea nimelipenda. Fundi, gogo siyo la zamani sana.

FundiRanda98
"Siyo la zamani sana" ni wiki au miaka? Ubao tu wa inchi moja unaanikwa kama mwaka. Sema ukweli usaidiwe.

Mkereza_Pasua
Wiki tatu.

Sawa ngoja niseme vizuri. Kuna duka la vinyago Arusha limenipa oda ya bakuli 40 za saladi, upana sentimita 30, shilingi 35,000 kila moja, mzigo uwe dukani mwisho wa Novemba kabla ya wageni wa Desemba. Wamenipa laki sita ya kuanzia na imeshaisha, nimebadilisha mota na kumlipa mtu wa cheinso. Nimekereza bakuli nne. Tatu zimepasuka ndani ya siku tano, ya nne imekuwa kama yai. Ndio maana natafuta kitu kingine niwashawishi wapokee badala ya bakuli. Lakini bakuli sijaziacha, naona nikiziweka kivulini zinaweza kutulia.

FundiRanda98
Hazitatulia. Umeacha kiini cha mti ndani ya bakuli, nina uhakika bila hata picha. Mti ukikauka unasinyaa kwa kuzunguka pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda kwenye gome, kwa hiyo ukibakiza kiini lazima pafunguke mahali. Pasua gogo katikati ya kiini, kiini ukitupe, bakuli itoke kwenye nusu gogo. Kereza mara ya kwanza uache ukuta mnene, kama sehemu moja ya kumi ya upana, yaani bakuli ya sentimita 30 unaacha sentimita 3. Paka nta pale nyuzi zinapoishia, itie kwenye mfuko wa khaki pamoja na maranda yake yenyewe, weka chini kwenye sakafu pasipo na upepo. Kila wiki unapima kwenye mizani ya duka na kuandika. Uzito ukigoma kushuka ndio unarudisha kwenye mashine kukereza mara ya pili. Hiyo ni miezi, Novemba hutoboi.

Halafu niambie mashine inazunguka ngapi kwa dakika.

Mkereza_Pasua
Mota imeandikwa 1,440. Shafti inapokea moja kwa moja.

FundiRanda98
Mungu amekulinda. Chukua upana kwa inchi zidisha na mizunguko, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli yako ya inchi 12 inataka mizunguko 500 mpaka 750. Wewe upo kwenye elfu kumi na saba na zaidi. Weka puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 8 kwenye shafti, utapata 540. Na ununue ngao ya uso, siyo miwani. Mwaka 1998 nikiwa kibarua karakana moja ya ngazi, mwenzangu alifunga kipande chenye ufa akawasha, nusu yake ikampata kwenye taya. Alikula uji kwa mrija mpaka Pasaka. Alikuwa kijana mwenye sauti nzuri ya kwaya, mpaka leo anaimba upande mmoja wa mdomo. Sisahau mlio ule.

mama_glory
Jamani pole yake. Kaka Pasua nunua hiyo ngao kesho asubuhi.

Barabara_ya_Rau
Mimi naomba niulize kitu wengine mmekiruka. Mringaringa mnene hivyo unaukuta wapi siku hizi? Ile miti tuliachiwa na wazee ifunike kahawa na migomba, nyuki wanaifuata kwa maua, na mizinga yenyewe inachongwa humo humo. Kuukata siku moja rahisi, kuuotesha ni umri wa mtu. Umeununua au?

Mkereza_Pasua
Ni wa nyumbani. Kihamba chetu, shamba la ukoo, Marangu.

Barabara_ya_Rau
Chetu nani?

Mkereza_Pasua
Cha familia. Baba alishatangulia, yupo mama. Mimi ni wa tatu kuzaliwa. Kiutaratibu pale nyumbani atakaa mdogo wangu wa mwisho, yupo Mwanza, anakuja Desemba kama kila mwaka. Sikuiba. Mti ulikuwa unaegemea paa la jiko, ulikuwa unaangushwa tu siku yoyote na upepo, na ada za wadogo zangu nimelipa mimi kwa hiyo hiyo miguu ya vitanda.

Nyumbani_Desemba
Hapo ndipo kwenye kazi mkuu, kwenye bakuli tunapita tu. Mti wa kihamba siyo mbao. Babu yangu Kibosho alikataa kukata mruka mmoja unaogusa nyumba, akahamisha nyumba. Umekata mti wa kitindamimba bila kumwambia kitindamimba. Chukua isale, jani letu la kuombea msamaha, nenda kwa mama kwanza, yeye ndiye atakayempigia mdogo wako. Ukisubiri Desemba aje akute kisiki, mtakula Krismasi kila mtu na sahani yake.

Kijenge_Juu
Mbona hii inanukia chai. Tazameni wakuu. Mara "nimepata gogo", mara la nyumbani. Cheinso Marangu inasikika mpaka kwa jirani wa tano, watu wanakuja kuangalia, mama mwenyewe yupo hapo hapo, halafu hajui? Na hesabu zake: bakuli ya sentimita 30 unahitaji kipande cha urefu huo huo, gogo ukilipasua unapata mbili kwa kipande. Shina la mita 4 linakupa bakuli 26 hivi, oda ya 40 inatoka wapi? Mtu anatunga stori akusanye mawazo ya biashara bure.

Mtu_wa_Mpingo
Kweli, na picha hajaweka hata moja.

mama_glory
Na mimi nilikuwa nimeshamhurumia.

Mkereza_Pasua
Siweki picha kwa sababu mdogo wangu anasoma humu humu.

Mama hayupo. Dada yangu amejifungua Dar, mama ameenda kulea uzazi tangu Agosti. Shina ni mita 4 na nusu, kuna matawi mawili yanayofika upana wa kutosha, jumla nilihesabu 38, mbili ningetafutia kwingine. Majirani walikuja ndiyo. Balozi wa nyumba kumi alikuja pia akauliza, nikamwambia mama ameridhia. Hilo ndilo linaloninyima usingizi wakuu, siyo bakuli. Mama anarudi Jumamosi na balozi ndiye jirani wa kwanza kumpokea.

Nyumbani_Desemba
Sasa umesema. Kijenge_Juu mwache, mtu wa chai hajipakazi hivi.

Kijenge_Juu
Nimemwelewa, samahani mkuu. Mama yangu naye alilea uzazi Tabora akarudi akakuta ng'ombe wawili tu bandani, kaka alikuwa ameuza mmoja. Hakugomba. Alisimama bandani akahesabu kwa sauti, moja, mbili, akaingia ndani. Kaka anakumbuka sauti ile kuliko fimbo zote. Mwambie kabla hajafika getini.

Mkereza_Pasua
Nilifikiri nimwonyeshe kwanza kitu kizuri kilichotoka kwenye mti ule, ndio nimwambie.

Barabara_ya_Rau
Hapana. Kwanza maneno, kitu baadaye. Ukitanguliza kitu anaona unamlipa.

Seremala_Sakina
Nimechelewa uzi ila nina jibu la swali la mwanzo ambalo wengi mmeliacha. Kuna kijiji Ujerumani kinaitwa Seiffen, milima ya Erzgebirge karibu na mpaka wa Cheki. Tangu miaka ya 1800 hivi wanakereza wanyama kwa pete. Wanachukua kisahani cha gogo BICHI, siyo kavu, wanakifunga kwenye mashine na kukikereza upande mmoja kisha wa pili mpaka kinakuwa pete yenye mabonde na vilima. Ukiiangalia huoni kitu. Wakiipasua kwa kisu na nyundo kama unavyogawa keki, kila kipande kwa ubavu ni tembo, au farasi, au ng'ombe. Pete moja makumi ya tembo. Masikio na mkia wanabandika kwa gundi. Katikati ya gogo inatupwa, kwa hiyo kiini kinachokusumbua hakimo, na kipande chenyewe ni chembamba kinakauka upesi. Wao wanatumia mti wa jamii ya msonobari unaopasuka wima, mringaringa sijui utatii kiasi gani, usipotii kata kwa msumeno mwembamba. Tengeneza patani ya bati ya nusu tembo ujipimie, ujaribu pete moja tu kabla hujaongea na duka. Mteja umuuzie pete nzima pamoja na tembo mmoja aliyetolewa kwake, pengo lionekane. Duka gani Arusha wanacho hicho?

FundiRanda98
Hii nimeikubali. Na bakuli zilizobaki zikereze nene zikae kwenye mifuko, waombe duka 10 za mwakani.

Mkereza_Pasua
Seremala umenifungua. Jana nimefunga puli ya inchi 8, mashine imetulia mpaka naogopa imezimika. Pete ya kwanza nimepasua leo, tembo wamenitoka kama nguruwe, mguu wa mbele mnene, patani nilishika kinyume. Pete ya pili nina tembo 31, kumi na tisa wamepasuka vizuri kwa kisu, wengine nyuzi zimekwenda pembeni. Duka nawapigia Jumatatu nikiwa nao mkononi.

Mama nimempigia saa mbili usiku. Alinyamaza muda mrefu, mtoto wa dada analia nyuma. Akauliza kama kisiki nimekichoma. Nikasema hapana. Akasema nisikiguse, mringaringa unachipua, na mdogo wangu atamwambia yeye akiwa ameshafika nyumbani. Kuhusu balozi kasema huyo ni wangu, niende mwenyewe kabla ya Jumamosi.

Nyumbani_Desemba
Kesho alfajiri. Kabla hajatoka kwenda shambani.

FundiRanda98
Na ile bakuli ya kwanza ya mfukoni ina uzito gani?

Mkereza_Pasua
Jumapili iliyopita gramu 2,310. Leo 2,145.

FundiRanda98
Andika tarehe chini ya bakuli kwa penseli, siyo kwenye simu.