Patroni mgeni na kilio chetu: nani amfuate nani?

Mwanzisha mada (Kampemba)
Bandugu, jambo kwenu. Hii neno tuijadili bila matusi. Kila kampuni ya inje ikigombana na watumishi hapa Katanga, kusini mwa Kongo, mtu wa personeli (ofisi ya watumishi) anatoka na jibu moja tu, eti "ni mambo ya kultiri", yani utamaduni. Mchina yuko hivi, Mkongo yuko vile, Mzungu naye na yake. Mi naona hiyo kultiri imekuwa shuka ya kufunikia mambo mengine. Swali langu: patroni, mwenye kampuni, akitoka inje, afuate desturi zetu ao sie tufuate zake? Mfano naweka ule wa kilio, yani matanga, juu ndio unaleta vita kila mwezi. Baba yako mdogo amekufa, ndiye alikulea na kukulipia masomo, unaenda kulala kilioni kama mtoto wa watu, unarudi shanti, pale kazini, unakuta siku zako zimekatwa.

Mwanafunzi wa Unilu
Yaya, usiitupe kultiri haraka hivyo. Mholanzi Geert Hofstede alichukua majibu ya watumishi wa IBM, kampuni ya kompyuta, karatasi zaidi ya 116,000, kati ya 1967 na 1973. Kampuni ni moja, kazi zinafanana, na bado majibu yakaachana nchi kwa nchi: wapi mtu anaogopa kumpinga shefu, wapi mtu anajihesabu peke yake na wapi anajihesabu pamoja na jamaa. Angalia mkutano wa asubuhi shanti. Shefu mgeni anauliza "kuna swali?", wote kimya, anaenda zake akijua tumekubali. Kumbe hakuna atakayemsahihisha mkubwa mbele ya watu, maneno yote yatatoka kwenye basi tukirudi. Halafu mwingine analeta ile fomu ya kumpa shefu wako maksi, watu wanaandika 10 juu ya 10 kila mstari, DRH, mkubwa wa personeli, anapeleka Ulaya kwamba Lubumbashi kila kitu muzuri. Sasa mtu kama huyo anaongoza nini?

Fundi wa Kolwezi
Mdogo, mu hizo karatasi Kongo iko?

Mwanafunzi wa Unilu
Haimo. Kuna fungu la Afrika Mashariki, aliunganisha Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia akapiga hesabu moja.

Mwanzisha mada (Kampemba)
Zambia na Ethiopia! Yani mtu wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, tunayekula naye bukari (ugali) moja na kuelewana naye Kibemba, amehesabiwa na mtu wa Addis Ababa, halafu na hiyo ndiyo mtatufundisha namna ya kuchunga watumishi wa Likasi.

Fundi wa Kolwezi
Miye nasema kitu kimoja tu. Shirika la RAID la Uingereza, linalochunguza makampuni, na CAJJ, shirika la msaada wa sheria la hapa Kolwezi, walitoa ripoti 2021, waliangalia migodi mitano mikubwa ya shaba na kobalti, kuna ya Glencore ya Uswisi, kuna ya CMOC ya China, na zaidi ya nusu ya watumishi walikuwa chini ya sutretansi, yani wameandikwa na kampuni ya katikati, si ya mgodi. Mswisi na Mchina habafanane hata chakula, lakini namna ya kutuchukua kazi ilifanana. Hapo kultiri ya nani? Bantu babili banatumika masini moja, kofia moja, vumbi moja, huyu iko na kontra (mkataba) ya kampuni, ule iko na ya sutretansi, mushahara haiko sawa, na bibi yake akigonjwa mlango wa hospitali haiko sawa. Ya kilio tutaongea kiisha.

Mama wa Katuba
Watoto, mnaongea kama patroni mgeni ameanza na Wachina. Wabelgiji wa Union Minière, kampuni ya migodi ya 1906, mwanzoni walichukua wanaume peke yao, kontra fupi, wanakufa wanakimbia wanaletwa wengine. Mwisho wa miaka ya 1920 wakageuza: kontra ya miaka mitatu, kuja na bibi, nyumba ya kambi, posho ya unga, masomo, hospitali. Si kwamba walipenda desturi zetu, hapana! Kuleta watu wapya kila mara kutoka mbali kulikuwa kunawala makuta (pesa). Lakini matokeo ni kwamba kampuni iliingia mpaka ndani ya ndoa na chungu cha jikoni, na wazee wetu wakaizoea wakasema Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi Union Minière, njo (ndiyo) baba, njo mama. Nilikaa ndani ya hiyo. Na huyo baba akatuacha miezi mingi bila mshahara, 2003 wakatoa watu zaidi ya 10,000 kwa makuta ya Benki ya Dunia, mara moja, kwaheri. Bwana yangu alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo Mchina asiyejua kilio lakini analipa tarehe yake, mimi sitamtukana.

Mwanzisha mada (Kampemba)
Mama, heshima. Lakini kulipa tarehe ni deni, si zawadi.

Mtu wa personeli (Golf)
Miye niko upande wa pili wa meza, jina la kampuni silitaji. Kuhusu kilio mnamsingizia Mchina bure. Siku hizo amezipanga Mkongo: sheria ya kazi ya tarehe 16/10/2002 inasema bibi ao bwana, mzazi ao mtoto akifa ni siku 4, ndugu wa tumbo moja ao babu ni siku 2. Baba mdogo ni daraja la tatu la undugu, hana hata siku moja. Hiyo hesabu ya damu ni ya Mbelgiji, sie tukaipitisha Kinshasa wenyewe. Mkubwa wangu kutoka China alisomewa sheria, akaifuata, watu wakasema hana moyo. Na kweli kwake anashangaa, faili ya mtumishi inaonyesha baba mmoja na mtu ameomba konji (likizo) ya kumzika wa tatu. Nikieleza kwamba huyu ndiye alimlea, anaelewa vizuri sana, anasema niletee mahali imeandikwa.

Mwanafunzi wa Unilu
Si ndiyo nilikuwa nasema! Jamaa yetu ni kubwa kuliko ile ya sheria. Hiyo ni kultiri, yaya, hakuna jina lingine.

Mwanzisha mada (Kampemba)
Hapo sikatai. Nakataa iishie kwenye semina ya siku mbili hotelini na mtaalamu wa kutueleza kwamba Mwafrika anapenda jamaa. Sheria inaweka kiwango cha chini tu, makubaliano ya kampuni na sendika (chama cha watumishi) yanaweza kupanda juu yake. Iandikwe: aliyekulea anahesabiwa mzazi, siku 4.

Mama wa Katuba
Hahaha, kila mtu atakuwa na baba kumi kabla ya Noeli.

Mtu wa personeli (Golf)
Mama umeona mbali, ndiyo woga wa mkubwa wangu. Lakini inawezekana. Siku ya kuingia kazi mtumishi anaandikisha watoto kwa ajili ya posho ya familia, siku hiyo hiyo aandike na jina moja la aliyemlea. Moja tu, halibadiliki. Mimi naweza kuipeleka hiyo kwa mkubwa na atakubali, juu anapenda kitu chenye karatasi.

Fundi wa Kolwezi
Muzuri sana. Atasaini kwa watumishi ba kampuni. Na siye ba sutretansi? Kontra yetu iko kwa mutu wa kati, miezi sita sita, delege (msemaji wa watumishi) hatuna, mwaka huu ni huyu, mwaka kesho ni mwingine na tunaanza upya kama tumeingia jana. Hilo jina la aliyenilea nitaliandika kwa nani?

Mtu wa personeli (Golf)
Kweli, hao si faili zangu.