Fundi ameikalia aplikesheni ya teksi zetu na hela keshakula

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Sisi ni wamiliki na madereva wa teksi hapa Moshi, magari machache tu. Wengine tunapaki stendi, wengine wanasubiri abiria hospitali ya KCMC, na usiku tunafuata wageni uwanja wa ndege wa KIA. Tulichanga shilingi milioni 6 tutengenezewe aplikesheni yetu ya kuita teksi. Hela imelipwa yote. Leo hatuna hata nywila moja mkononi.

Kwa nini tulichanga? Kwa sababu kampuni kubwa zinakata kamisheni kila safari na dereva hana pa kusemea. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilipoweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma Tanzania, na waliokuwa wamekopea magari wakabaki na marejesho ya mkopo. Tukasema na sisi tuwe na chetu, abiria wetu wa siku zote watupate bila kupitia kwa mtu.

Sasa sikilizeni. Akaunti ya Play Store, duka la programu la Google, fundi kaifungua kwa jina lake. Seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotunza data zetu, jina lake. Ramani ya Google, jina lake. Hata akaunti ya kutuma SMS za uthibitisho, jina lake. Ule ufunguo wa kusainia programu, yaani faili la siri la kuithibitisha, ambao bila huo hupandishi toleo jipya, uko kwenye kompyuta yake. Ukimwomba anakujibu kuwa hayo ni mambo ya kiufundi, hamtayaweza. Ni kujengewa nyumba kwenye kiwanja chako halafu hati ikatoka kwa jina la fundi!

Na kila mwaka anatudai "ada ya Play Store". Google inatoza dola 25 mara moja tu, siku unayofungua akaunti. Wanaotoza kila mwaka ni Apple, dola 99, na sisi toleo la iPhone hatukuagiza wala hatukupewa. Hiyo hela tunamlipia nini?

Linaloniuma kuliko yote ni nauli. Alituahidi kwamba programu itapima umbali wa barabara. Haipimi. Inachora mstari ulionyooka kutoka abiria alipo hadi anakokwenda, inazidisha kwa bei ya kilomita, basi. Mtu wa Moshi anajua: ukienda Marangu unafuata lami hadi Himo kwanza, ndipo unakata kushoto kupanda mlima. Mstari wa fundi wetu unakatisha juu ya migomba na mabonde. Abiria anaona bei ndogo kwenye simu, dereva anamaliza mafuta, wakifika wanagombana mlangoni kwa mtu. Abiria hana kosa, bei ameonyeshwa. Dereva naye hana kosa. Kupima njia halisi kunawezekana, huduma ipo, ila Google wanaitoza kadiri unavyoitumia, na fundi hakutaka gharama hiyo wala hakutuambia kwamba ameikwepa. Angesema, tungeilipia.

Kuna hili la simu pia. Madereva wetu wengi wanatumia Tecno, Infinix na itel. Simu hizi zina tabia ya kuzima programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili kutunza chaji. Kioo kikizima tu, oda haziingii. Mama mjamzito anaita gari usiku, dereva yuko mtaa wa pili macho kodo, simu kimya. Mwenye ujuzi anajua dawa yake: programu iendeshwe kama huduma yenye notifikesheni inayobaki juu ya kioo, na dereva aelekezwe namna ya kuitoa kwenye orodha ya kubana betri. Wetu alisema tununue simu nzuri. Dereva wa teksi wa mtaa wa Pasua akanunue simu ya bei gani?

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni hiki. Abiria wetu wameanza kupokea SMS za kutangaza teksi za watu wengine, na namba zao walitupa sisi. Ziko kwenye seva anayoishika yeye peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inafanya kazi tangu Mei 2023, na Tume yake ipo. Kuna bibi anayekwenda kliniki na dereva wetu kila mwezi, ameniuliza kwa nini tumeuza namba yake. Sikuwa na la kumjibu.

Tunachodai: ahamishie programu kwenye akaunti yetu ya Play, kitu ambacho Google wanaruhusu pande mbili zikikubaliana, wala waliokwisha kuipakua hawapotei. Atukabidhi ufunguo wa kusainia, msimbo wote (maandishi yaliyoiunda programu), na nywila za seva. Kisha afute namba za abiria alizobaki nazo.

Mkataba tunao, umesainiwa, na risiti za M-Pesa zipo zote. Wanasheria mliomo humu, tuanzie wapi: baraza, mahakama ya mwanzo, au Tume moja kwa moja? Na watengenezaji programu, kama akigoma kabisa kutoa ufunguo, tunaweza kupandisha programu mpya kwa jina lile lile la biashara yetu, au Google watatukatalia?