Vibuyu na kuchapa kwa lino: tupeane uzoefu

Mwana_Kibokoni: Nimepita Kongowea nikaona mama kapanga vibuyu chini nikakumbuka mbali. Mnaochora vibuyu na mnaochapa kwa lino (ile linoleamu laini ya kuchonga, kisha waipaka wino kama muhuri) au mbao, hebu leteni visa. Mimi nachonga majani ya mkungu, nikichapa jani laangalia kwengine 😂

FundiTudor: Chora kwa karatasi nyepesi, igeuze, ndio uihamishe kwa ubao. Ulichochimba chabaki cheupe, kilichosimama ndicho chashika wino. Mie adui yangu ni masika tu, wino wa mafuta haukauki, karatasi zanata siku na siku.

Jirani_Mikindani: Zanata kweli.

Binti_Likoni: Nyie mwalia na wino? Mie nilipewa oda ya vibuyu vya kupambia harusi Nyali, nimevichoma kwa msumari wa moto, mikoko, kaa, samaki, shingoni nimevivisha shanga, nikatia kwa gunia nikaingia feri ya asubuhi na mwajua pale watu walivyobanana. Gunia likafunguka, kimoja kikabingirika mpaka miguuni kwa mzee, mzee akaruka! Mama wa pembeni auzubillahi, huyu ana ndonga, huyu mganga. Ile feri ambayo huna pa kuweka kisigino, ghafla nimesimama peke yangu na uwanja wangu. Kijana asema vitupwe baharini, mwengine asema mkivitupa, majini watatufuata sote. Nikaona niwatoe wasiwasi, nikakipindua kimoja waone ndani mtupu, weee, ndio nikaharibu kabisa, yule mama kapiga ukelele "ASHAWAFUNGULIA!" Wakaninyang'anya wakakirusha. Kikaelea. Kikawa chatufuata na mkondo, hapo watu wazima wanalia.

Jirani_Mikindani: Ashawafungulia 😂😂😂 sina mbavu

KakaChangamwe: Shanga rangi gani?

Binti_Likoni: Nyekundu, nyeupe na nyeusi. Kwani?

KakaChangamwe: Rangi za waganga hizo! Shukuru hukurushwa wewe.

Mwana_wa_Kaya: Chekeni tu. Kibuyu kwetu ni cha maji, cha tembo, cha maziwa, na cha dawa pia. Mwataka urembo wake, lakini chenyewe mwakiona uchawi.

Abu_Majengo: Tatizo si shanga, ni hao samaki. Milango ya Mji wa Kale mbona mingi ni maua na majani? Wazee walijua chenye roho hakichorwi.

FundiTudor: Kaangalie ya Unguja, mingine ina samaki chini ya miimo. Usitupotezee uzi.

Abu_Majengo: Nimeuliza tu, mbona moto?

Mama_Kisauni: Turudi kwa vibuyu jamani. Kikiota ukungu nje kikikauka msikitupe, ni kawaida, ukikitikisa mbegu zikalia ndio tayari. Kiroweke, ukisugue na nyuzi za chuma za sufuria. Ukikikata fungeni pua, lile vumbi la ndani laingia kifuani. Na kikaushwe kivulini penye upepo, juani chapasuka.

KakaChangamwe: Vyangu viko juu ya mabati na havijapasuka.

Mama_Kisauni: Bado.

Mwanafunzi_Bamburi: Lino bei yake sio, naweza chonga nini?

FundiTudor: Soli ya ndara kuukuu. Paka wino, lalia karatasi, sugua na mgongo wa kijiko. Mistari myembamba usijaribu, mpira wakatika.

Jirani_Mikindani: Ndara iwe yako lakini, si ya msikitini 😂

Mwana_Kibokoni: Binti, na ile oda?

Binti_Likoni: Walikata pesa ya kilichopungua. Nikawaambia kimeenda Kilindini wakakifuate.

KakaChangamwe: Nauza vibuyu vikavu, havina shanga. Njoo inboksi.