Modemu nzima, bando limelipiwa, kisha naambiwa "weka Windows". Watu wa Pemba tumechoka!

Assalaam alaykum jamani. Nimeudhika na naomba mnisome mpaka mwisho, maana najua hapa Chake si mie peke yangu.

Nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi. Kompyuta zangu zinatumia Debian, aina moja ya Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na sirudi nyuma. Zamani nilikuwa na Windows ya kunakili: kila mwanafunzi akija na flashi yake anatuachia virusi, mafolda yanageuka shotikati, kazi ya mtu inapotea na lawama zinaniangukia mie. Tangu niweke Linux balaa hilo limekwisha. Mashine zenyewe za mtumba, RAM kidogo, na pesa ya leseni sina. Basi asije mtu hapa kuniambia najitakia shida.

Nikanunua modemu ya USB duka la kampuni moja ya simu. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole, vocha nimetia, bando nimeungiwa palepale kaunta. Nafika dukani kwangu nachomeka, inatokea CD tu, na ndani ya CD mna programu ya Windows. Nikarudi kwao. Kijana wa kaunta hata modemu hakuishika: "Linux haisapoti, weka Windows." Namuuliza APN, yaani lile jina la mlango wa intaneti wa kampuni ambalo lazima ulitie ndipo modemu iunganishwe, hajui. Namuuliza bando likiisha nitaunga vipi bila ile programu yao, anajibu "ipo humo humo kwenye programu". Huduma kwa wateja nao wakasema nitapigiwa. Sijapigiwa mpaka leo.

Na siku za bando zinahesabiwa! Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Pesa wameshachukua mbele, saa inakwenda, mie nazunguka na modemu mfukoni, na vijana wamekaa kwenye benchi wanataka kutuma maombi ya mkopo wa elimu ya juu kabla dirisha halijafungwa. Bando likafa sijafungua hata ukurasa mmoja. Hakuna aliyenirudishia kitu.

Tena waliloniambia si kweli. Yangu ni Huawei E173. Modemu za namna hii zina sura mbili: ukichomeka hujionesha kwanza kama CD ili Windows isakinishe programu iliyomo, kisha programu hiyo ndiyo inayoiamuru igeuke modemu. Kwenye Linux kazi ya kuigeuza inafanywa na usb_modeswitch ya Josua Dietze, ipo miaka mingi na ni bure. Kwenye Debian niliyoweka mie haikuwamo, na kuipakua kunataka intaneti ambayo ndiyo niliyokuwa naitafuta, ikabidi nichomeke simu kwa waya nishushe kwa MB za simu. Ukiandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vilivyochomekwa USB, kabla ya kugeuka unaona 12d1:1446. 12d1 ni Huawei wenyewe. Ikishageuka, namba ya pili inabadilika na zinatokea ttyUSB0, ttyUSB1 na kuendelea, ndiyo milango ya kuzungumza na modemu. Draiva yake, inayoitwa option, imo tayari ndani ya kerneli, kiini cha Linux yenyewe. Baada ya hapo ni NetworkManager tu, programu ya Linux ya kuunganisha mtandao: unatia APN, namba ya kupiga *99#, umeingia. APN yenyewe nimepewa na kijana wa skuli, si na kampuni iliyokula pesa yangu.

Kuunga bando vilevile hakuhitaji Windows. Ni USSD ile ile ya kwenye simu, zile menyu za kupiga nyota na reli. Mmcli, amri ya Linux ya kuendesha modemu, inaituma kupitia --3gpp-ussd-initiate. Lakini lazima uijue namba, na kwa laini za modemu menyu yao ni nyengine. Kwa hiyo kila bando likiisha natoa laini, natia kwenye simu, nabahatisha menyu, narudisha. Ukichelewa kidogo na data iko wazi, vocha inaliwa kwa bei ya nje ya bando, salio linafika sufuri.

Hata hizo za aina ya E3372h, ambazo zikishageuka kompyuta inaziona kama kadi ya mtandao, unafungua 192.168.8.1 kwenye kivinjari na kazi imekwisha, mfumo wowote ule, huku kwetu ukiuliza wanakutazama tu.

Sidai waajiri fundi wa Linux. Nadai karatasi moja ndani ya boksi: APN, namba ya kuunga bando, namba ya salio. Na mteja aliyeshindwa kuunganishwa kwa sababu wao hawakumpa maelezo, arudishiwe bando lake. Malalamiko yangu nayaandika, kwanza kwao kwa barua, wakinyamaza nayapeleka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano.

Walioko Wete, Mkoani, Konde, na nyinyi wa Unguja: andikeni hapa modeli ya modemu yako, lsusb kabla na baada ya kugeuka, APN iliyokubali, na namba unayoungia bando. Aliyewahi kurudishiwa bando lake kwa kesi kama hii aseme alipita mlango gani. Na kama mna mfanyakazi wa kampuni yoyote ya simu humu, anijibu: APN ina siri gani hata isichapwe kwenye boksi?