Kuvuka Norwei kwa baiskeli, wiki tatu: pwani, Rallarvegen au Sognefjellet?

Msafiri_Tanga
Habari za jioni wakuu. Tiketi ya kwenda Oslo nimeshakata, dada yangu anaishi kule na atanipokea. Nina wiki tatu na nataka zote ziishie juu ya baiskeli. Nimechuja nimebaki na njia tatu.

Ya kwanza ni treni hadi Trondheim, kisha nifuate barabara ya pwani, Fv17, Steinkjer hadi Bodø: kilomita 650 na pantoni sita. Nikifika Bodø navuka kwenda visiwa vya Lofoten. Ya pili ni Rallarvegen, Haugastøl hadi Flåm, halafu nitafute njia ya Bergen. Ya tatu ni kupanda Sognefjellet kutoka Lom, mita 1,434, na kushukia Skjolden.

Nafasi ya baiskeli kwenye treni lazima niiwekee oda kabla ya Ijumaa. Ipi bora?

Gia_Nyepesi
Mkuu, umetaja kila kitu isipokuwa mwezi. Unakwenda lini? Baiskeli ya aina gani, tairi upana gani, unalala kwenye hema au unalipia vyumba? Rallarvegen ya Juni na Rallarvegen ya Agosti ni njia mbili tofauti kabisa.

Iten_2400
Na uko peke yako ama mko wawili? Ushawahi kupanda mlima ukiwa na mizigo, si mazoezi ya asubuhi na chupa ya maji tu?

Msafiri_Tanga
Naomba radhi, nilikuwa na haraka. Natua Oslo tarehe 14 Juni. Niko peke yangu. Baiskeli ni ya mbio, fremu ya alumini, tairi za upana wa milimita 28, nimeifunga keria nyuma. Mbele meno 50 na 34, nyuma kubwa kabisa ni 28. Mzigo kilo 15 hivi pamoja na hema. Kwa milima, Mombo kwenda Lushoto nimepanda mara tatu na mzigo.

Gia_Nyepesi
Basi Rallarvegen ifute. Stesheni ya Finse iko mita 1,222, hakuna iliyo juu zaidi kwenye reli ya Oslo na Bergen, na njia yenyewe mbele ya Finse inapanda hadi kupita 1,300. Miaka mingi theluji haiondoki pale mpaka katikati ya Julai. Utasukuma baiskeli kwenye theluji inayofika magotini. Halafu ile ilikuwa njia ya wajenzi wa reli (reli yenyewe ilifunguliwa 1909), na sehemu kubwa ni kokoto na mawe. Tairi 28 zitakuadhibu. Kutoka Myrdal kuteremka Flåm kuna kona kali 21 zilizorundikana, na watu wenye breki nzuri huzishuka kwa miguu.

Miaka_Kumi_Bodo
Naishi Bodø, kwa hiyo mjue naipenda pwani. Ndugu yangu, chukua Fv17. Ni lami mwanzo mwisho, milima ipo lakini mifupi, na kila ukichoka kuna pantoni: unakaa, unakula mkate wako, miguu inapoa. Kati ya Kilboghamn na Jektvik pantoni inavuka Mzingo wa Aktiki ukiwa umekaa dirishani, na ufukweni kuna sanamu ya tufe la dunia inayoonyesha mstari ulipo. Kiangazi upepo mara nyingi unatoka kusini-magharibi, kwa hiyo ukielekea kaskazini unakusukuma. Ukimaliza, treni inaanzia Bodø kurudi Trondheim.

Kitu kimoja usikose kukijua: handaki la Svartisen, kilomita 7.6, baiskeli haziruhusiwi. Lazima uzunguke kwa maji, pantoni ya Vassdalsvik kwenda Ørnes, na hiyo haipiti kila saa. Nimeona watu wamekaa gatini pale nusu siku kwa kutosoma ratiba.

Iten_2400
Mimi siogopi Sognefjellet. Mita 1,434 ni nini? Arusha mjini watu wanaamkia mita 1,400 na wanakwenda sokoni. Huku kwetu tunafanya mazoezi kwa 2,400. Jamaa amepanda Lushoto mara tatu, apande huko pia, atapata kitu cha kusimulia maisha yake yote.

Mama_Hema
Kaka Iten, ngoja nikueleze, na Msafiri asome taratibu.

Naishi Hamburg. Mwaka juzi nilipanda Sognefjellet kutoka Lom, siku za mwisho za Juni. Asubuhi jua, niko na fulana, bonde la Bøverdalen kijani kibichi, kondoo wamelala barabarani. Nikasema moyoni hii ni Usambara yenye lami nzuri. Nilipofika juu miti ikaisha, pembeni mwa barabara kukawa na kuta za theluji iliyokatwa na mashine, zinanipita kimo. Maziwa yalikuwa bado na barafu. Hewa nyepesi haikunisumbua hata kidogo. Kilichonisumbua ni mvua. Ilianza manyunyu, ikageuka theluji ya majimaji, na mimi sasa nakwenda kuteremka mita 1,400 hadi usawa wa bahari.

Kupanda unatoa jasho. Kushuka hukanyagi, jasho lile linageuka barafu mgongoni. Glavu nilizouziwa duka moja kwa maneno kwamba haziingizi maji zilijaa maji ndani ya dakika kumi. Vidole vikafa. Nilikuwa nauona mkono wangu uko juu ya breki lakini sijui kama unavuta au hauvuti. Niliangalia kwa macho, nikaona mkono haujafumba. Nikaielekeza baiskeli kwenye ukuta wa theluji ili isimame. Zipu ya begi niliifungua kwa meno. Koti la pili lilikuwa chini kabisa, chini ya sufuria.

Kuna wazee wawili walisimamisha gari lao la kulala, wakaniingiza, wakanipa chai. Nilikishika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto. Ncha za vidole zilikaa na ganzi wiki mbili.

Kwa hiyo usipime mlima wa kule kwa mita. Lushoto na Sognefjellet zinakaribiana kimo, lakini moja iko jirani na Ikweta na nyingine iko digrii 61 kaskazini.

Iten_2400
Pole sana dada. Nimekuelewa. Hilo la kushuka sikulifikiria. Lakini bado nasema akiwa na glavu mbili na siku ya jua aende. Mtu hupati Norwei mara mbili.

Fundi_Keria
Mnazungumza hali ya hewa, mimi naangalia baiskeli. Alumini, keria, kilo 15, tairi 28? Tafuta fremu ya chuma. Chuma kikipasuka hata fundi wa matrekta kijijini atakuchomelea. Alumini ikipasuka umekwisha.

Gia_Nyepesi
Fundi, kwa heshima, fremu nzima ya alumini haipasuki kwa wiki tatu za lami. Kinachokatika ni spoku za gurudumu la nyuma, upande wa gia, kwa sababu mzigo wote uko huko. Abebe spoku nne za saizi yake, azifunge kwa tepu kwenye bomba la fremu. Na kaseti yake, yaani rundo la gia za nyuma lenye meno 28, aitoe, aweke ya meno 34, mradi mkono wa gia wa nyuma unaifikia. Nafuu yake ni kubwa kuliko kununua fremu.

Fundi_Keria
Nimechomelea baiskeli miaka 22. Fremu za alumini zilizopasuka penye keria nimeziona kwa macho yangu, na nyingi wenyewe waliambiwa ni nzima. Aangalie kwanza kama fremu yake ina matundu ya keria au ameibana kwa vibanio. Hilo hajasema.

Msafiri_Tanga
Nimebana kwa vibanio.

Fundi_Keria
Ndiyo hiyo niliyoiogopa. Punguza mzigo ufike kilo 9, au ugawe, hema liende kwenye usukani.

Kaskazini_Kabisa
Nashangaa hakuna aliyetaja Nordkapp. Genge la mita 307 juu ya bahari, digrii 71, barabara imeishia hapo. Apande ndege hadi Alta, aendeshe hadi Nordkapp na kurudi, siku sita au saba. Wiki mbili zinazobaki afanye pwani.

Miaka_Kumi_Bodo
Nordkapp ni nzuri, ila mwambie na handaki la kuingilia kisiwani: karibu kilomita saba, linashuka mita 212 chini ya bahari na kupanda tena. Baiskeli zinaruhusiwa. Ndani ni baridi, na lori likiwa bado mbali unasikia kama ndege inatua kichwani. Taa mbele, taa nyuma, fulana ya kung'aa. Mtu wa mara ya kwanza na peke yake nisingemwanzishia hapo.

Kuhusu kulala, hema linaruhusiwa porini kisheria tangu 1957, mita 150 kutoka nyumba ya mtu, usizidishe usiku wa pili mahali pamoja. Na Jumapili maduka makubwa yanafungwa, nunua chakula Jumamosi.

Bin_Kisauni
Mimi nauliza jingine, na huenda Msafiri atalihitaji. Juni hapo Bodø jua halizami. Maghrib na Isha mnaziswali vipi?

Miaka_Kumi_Bodo
Swali la maana. Wapo wanaofuata saa za mji wa karibu ambako usiku na mchana bado vinatofautiana, na wapo wanaofuata saa za Makka. Muulize shekhe wako kabla ya safari, ushike moja, usibadilishe njiani. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka nje saa sita za usiku nikalikuta jua limekaa juu ya maji kama saa kumi na moja jioni, ndege wanalia. Nilisimama nikashindwa hata kurudi ndani. Beba kitambaa cheusi cha kufunga macho, hema halizuii mwanga ule.

Bin_Kisauni
Shukran. Na nyama? Au mtu anakula samaki tu safari nzima?

Mama_Hema
Samaki, mayai, mkate na ile jibini ya kahawia yenye utamu. Oslo utapata bucha za halali. Kule pwani vijiji vina duka moja, usitegemee.

Msafiri_Tanga
Nawashukuru wote. Moyo bado uko Sognefjellet, siwafichi, lakini maelezo ya dada Mama_Hema nimeyasoma mara mbili. Kaseti nitabadilisha wiki hii. Miaka_Kumi_Bodo, nikihesabu siku zangu kwa njia ya pwani nafika Vassdalsvik siku ya Jumapili. Siku hiyo pantoni ya Ørnes inatoka saa ngapi?

Miaka_Kumi_Bodo
Ratiba ya Jumapili ni tofauti na siku za kazi. Nitapita gatini kesho niipige picha ya ubao, nikutumie. Usiweke oda ya treni mpaka uione.

Iten_2400
Glavu mbili, Msafiri. Tatu hata.